Fidia ya mtoto aliyeumizwa kwenye ghasia: apokee nani?

Ndugu zangu, hebu tulijadili hili kwa uzito. Agosti 2025 Rais Ruto alitangaza mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano tangu 2017. Mwaka huo wa 2017 mtoto wa miezi 6 alipigwa na polisi Kisumu, na wa miaka 9 akapigwa risasi hapa Mathare akiwa kwenye roshani ya kwao. Hao walikufa. Wapo waliobaki vilema, wapo waliobaki yatima. Pesa zao zipokewe na nani?

Mimi nasema mtoto afunguliwe faili lake, kwa jina lake. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007/08 serikali ilitoa Sh10,000 kwa kaya iliyofurushwa, na Sh25,000 kwa waliochomewa nyumba. Namjua kijana wa Huruma ambaye babake aliuawa wakati ule, yeye akiwa darasa la pili. Elfu kumi zilichukuliwa na ami yake, aliyeandikishwa kuwa mkuu wa kaya, zikanunua mabati ya nyumba ya ami huko mashambani. Kijana aliishia darasa la sita. Leo anasukuma mkokoteni Gikomba. Kwa serikali, kaya yao ilishalipwa!

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za zamani nchini, iliwasikiliza watoto hapa Nairobi 2011, na ilifanya vyema. Ripoti yake ikakabidhiwa 2013, utekelezaji ukakwama.

Tusiambiwe haiwezekani. Kwenye kesi za ajali za barabarani, mahakama zetu huagiza fungu la mtoto liwekwe kwenye akaunti yenye riba hadi atimize miaka 18.

Jibu la kwanza: Dada, nakuelewa, lakini mjane wa Mathare anadaiwa kodi mwezi huu. Ukizifungia pesa benki miaka kumi, mtoto atalala njaa ilhali ana akaunti. Mama ndiye anayejua shida za nyumba yake.

Mwanzilishi: Kaka, njaa haingoji, hapo sina ubishi. Basi karo ilipwe moja kwa moja shuleni na matibabu hospitalini, kwa idhini ya hakimu. Ila kodi isitoke kwenye fungu la mtoto. Huyo mjane naye ni mwathiriwa, kafiwa na mume. Ana haki ya faili lake na pesa zake. Kilichofanyika baada ya 2007/08 ni kuwapa watu wawili fungu moja, kisha tukawaachia wagombanie.