Dereva wa serikali anaombwa mwaka mzima bila ajali, Rais je?

steshenari_makole:
Wakuu habari za jioni, na mbukwenyi kwa wale wa hapa nyumbani. Mimi nina steshenari ndogo huku Makole, Dodoma, kutwa nzima ni kutoa kopi, kuskani vyeti na kuwatumia vijana maombi kwenye potali ya ajira. Juzi kaja dogo anaomba udereva serikalini, tangazo tumelisoma wote mstari kwa mstari, cheti cha kidato cha nne, leseni daraja C au E, alafu awe ameendesha magari kwa muda usiopungua mwaka mmoja BILA KUSABABISHA AJALI. Dogo akakwama maana cheti kina jina la babu leseni haina, tukahangaika na hati ya kiapo mpaka saa mbili usiku. Alivyoondoka nikabaki najiuliza, hivi Rais wa nchi yeye anaombwa nini? Nikafungua katiba kwenye simu, ibara ya 39, nikasoma mara mbili nikidhani kuna ukurasa umeruka. Raia wa kuzaliwa, miaka 40, mwanachama wa chama cha siasa na chama kiwe kimempendekeza, awe na sifa za kuwa mbunge, na ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Ukifuata hizo sifa za mbunge ibara ya 67 unakuta kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Basi. Uzoefu hamna hata mstari. Sasa nauliza bila kumlenga mtu, ungepewa wewe uandike hilo tangazo ungeweka nini?

sheria_mwaka_wa_tatu:
Mkuu umesahau wadhamini, anatakiwa apate wapiga kura 200 kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua 10 na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, ila kweli hiyo sio sifa, ni kuonyesha tu kwamba una watu. Mi naona katiba imefanya makusudi, haikuandika shahada kwa sababu wanaosaili ni wapiga kura. Kenya wao wameweka shahada sawa, ila njoo huku chuo kikuu cha Dodoma (UDOM) ukashuke Ng'ong'ona uhesabu wenye shahada wanaoendesha boda. Lula wa Brazil hajaenda chuo, alikuwa fundi wa chuma kiwandani, na wamemchagua mara tatu. Marekani wenyewe wanataka miaka 35, uraia wa kuzaliwa na uwe umeishi nchini miaka 14, shule hawaulizi.

mzawa_wa_chamwino:
Wanaosaili ni wapiga kura? Dogo acha utani. Sisi tunapewa karatasi majina yameshaandikwa. Usaili wenyewe unafanywa na chama, milango imefungwa, sisi tunaona tu matarumbeta yakipita. Na ukitaka kugombea bila chama huwezi, hata Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema mwaka 2013 kwenye ile kesi ya Mtikila kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, ibara bado iko vilevile. Kwa hiyo mwenye steshenari swali lako zuri ila umelipeleka dirisha silo, tangazo la kazi halisi ni zile kanuni za chama na hizo huwezi kuja kuzitolea kopi hapo Makole.

mama_supu_majengo:
Huyo wa Chamwino asiseme milango imefungwa, mimi nilikuwa nje ya mlango nauza supu 🙂. Julai 2015 nani wa Dodoma amesahau? Makada 42 walichukua fomu CCM, mji ulijaa mpaka watu wanapangisha vyumba vya uani, mwanangu alilala jikoni wiki nzima chumba chake kikae wajumbe. Asubuhi yalivyotoka majina matano, Lowassa aliyekuwa waziri mkuu hayumo, nilikuwa na baba mmoja mezani kamega chapati akaishika tu mkononi hatafuni, supu ikapoa mpaka ikaganda mafuta juu. Mwingine pembeni nikamuuliza sasa huyu Magufuli ana nini, akaniambia huyu waziri wa ujenzi anazijua barabara kwa kilomita. Nikasema ahaa kumbe na wao wanaangalia kazi mtu aliyofanya sio vyeti tu.
Mimi tangazo langu ningeandika hivi, awe amewahi kushika hela isiyo yake na ikahesabika. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na kuna mama mmoja tulimpa ufunguo hakuacha kulalamika kwa nini zisikae zote kwake, anasema tunamchelewesha. Huyo hata angekuwa na PhD nisingempa nchi.

mwalimu_mstaafu_kongwa:
Nimewasoma wote wanangu. Mimi nitasema kwa upande wa uzoefu kwa sababu naona mnauchukulia kama idadi ya miaka. Marais wetu sita, watatu wameshika chaki, Mwalimu Nyerere, Mzee Mwinyi na Magufuli. Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti, Kikwete mwanajeshi kisha Mambo ya Nje miaka kumi, Mama Samia alianzia ukarani huko Zanzibar. Sasa katika hao wote wasifu ninaoutamani ni wa Mwinyi, na sababu ni hapo alipoanguka. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kule Mwanza na Shinyanga watu wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola na wengine wakafa. Hakumshika mtu yeye, hakuwepo hata huko, lakini mwaka 1977 akajiuzulu kwa sababu waliofanya walikuwa chini yake. Akapelekwa ubalozi Misri, baadaye akawa Rais wa Zanzibar, 1985 akawa Rais wa Muungano. Mimi nilikuwa kijana ndo naanza kazi, wazee walikuwa wanabishana sana kama amefanya ujinga ama vipi.

steshenari_makole:
Shikamoo mwalimu. Duh. Yaani kwa lile tangazo la dereva Mzee Mwinyi angeenguliwa hatua ya kwanza, ameshasababisha ajali.

mwalimu_mstaafu_kongwa:
Marahaba. Hakuisababisha, ila ilitokea kwenye gari lake na akashuka. Wengi wangesema breki.

sheria_mwaka_wa_tatu:
Mwalimu nakubali ila tusiifanye kanuni. Senegal 2024 wamemchagua Faye, akielekea miaka 44, alikuwa mkaguzi wa kodi, hajawahi kushika cheo cha kuchaguliwa na siku kumi hivi kabla ya kura alikuwa gerezani. Kwa vigezo vyenu vya kujiuzulu na sanduku la kufuli tatu angepita wapi?

mama_supu_majengo:
Mkaguzi wa kodi si ndo anashika hela isiyo yake jamani, kwangu kapita.

mzawa_wa_chamwino:
Mama umeua 😂 ila bado nauliza, ufunguo wa pili na wa tatu wa nchi hii uko kwa nani? Na ukimuuliza mwenye ufunguo wa kwanza kwa nini kachelewa kikao unabaki salama?

mama_supu_majengo:
Ndo maana nikasema mwangalieni kabla hamjampa.

steshenari_makole:
Samahani wakuu nawaacha kidogo, dogo wa udereva kanipigia sa hivi, potali imemrudishia maombi, wanasema leseni haisomeki niskani upya na mwisho ni kesho saa sita usiku. Kesho nafungua saa moja, mwenye kutaka kopi ya ibara ya 39 aje, hiyo sitamtoza.