Amechokonoa pilau ya mama mkwe wangu kwa kalamu. KALAMU!

Wakuu salaam, ingawa salaam yenyewe naitoa kwa shida maana bado natetemeka. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, na nikimtaja moderata wataufuta uzi. Yule bwana wa getini kwenye ile bustani yetu ya mikungu, mwenye filimbi shingoni na kofia ya kuvaa upande. Kama umewahi kupeleka familia pale siku ya mapumziko, basi ameshakuharibia siku. Leo imekuwa zamu yangu.

Amechokonoa pilau ya mama mkwe wangu kwa kalamu.

Mama mkwe kaja juzi kutoka Tanga. Mtu mzima, magoti yanamsumbua, tangu afike anaangalia ukuta wa jirani tu. Nikasema Jumapili hii mama akapunge upepo. Kaamka kabla ya adhana ya alfajiri anakaanga vitunguu mwenyewe, kakataa kusaidiwa. Hotpoti kubwa ya pilau, kachumbari kwenye kopo, juisi ya ukwaju kwenye dumu la lita tano, na mkeka wa ukili aliousuka kwa mikono yake. Getini tumelipa kichwa kwa kichwa, hadi mtoto wa mgongoni kakatiwa risiti. Hapo nilinyamaza.

Tumetandika chini ya mkungu, kivuli kizito, mama kanyoosha miguu, watoto wanaokota kungu na kuzigonga kwa mawe wapate kiini. Huyo anakuja. Shikamoo hakuna. Hodi hakuna. Mwanamke aliyemzidi umri mara mbili anaambiwa, "Wewe mama, fungua hiyo." Hatujajibu, kashafungua kifuniko mwenyewe, mvuke ukampiga usoni, akachomoa kalamu sikioni, ya bluu, kitako chake kimetafunwa kwa meno mpaka kimepasuka, akaizamisha kwenye pilau na kukoroga. Anatafuta chupa! Pombe! Kwenye pilau ya mama mwenye tasbihi mkononi! Mtu huyu mkimpa uwanja wa ndege, hata mbu atavuliwa viatu.

Kisha kalamu ile ile yenye mafuta akaifuta kwenye mkeka. Mkeka wa mkwe wangu!

Ndipo akatoa hukumu: chakula cha nje marufuku, tukanunue kwenye kibanda cha ndani. Kibao cha kusema hivyo hakipo, si getini, si kwenye risiti. Kibandani chipsi kavu zilizolala zinauzwa 5,000. Na kungu za watoto kasema ni mali ya bustani, zirudishwe chini. Kungu! Tunda linaloliwa na popo usiku kucha bila kibali!

Mama mkwe alisema neno moja tu: "Mwanangu, ungesema una njaa ningekupakulia." Yule bwana akapuliza filimbi. Kasimama hatua moja mbele ya mama, anampulizia filimbi.

Wa kuja kuniambia sheria ni sheria, pitieni uzi mwingine. Mti ule hakuupanda yeye. Kivuli hakukileta yeye. Alicholeta ni kalamu, na kaitia kwenye pilau ya mkwe wangu.

Babu wa Bajaji: Uzi bila picha ni chai.

Mleta mada: Nipige picha saa ngapi, mkwe wangu anakunja mkeka machozi yanamlenga? Chai kanywe kwenu.

Nyumba ya Udongo: Pole sana mkuu. Huyo bwana mimi alinitoza ada ya kamera. Nina simu ya kitochi!

Kaka Mkubwa: Yaani ulikaa unaangalia kalamu inaingia kwenye pilau ya mkwe? Ungekuwa umeoa kwangu, leo binti angelala nyumbani.

Mama Wawili: Swali muhimu: mliila au mliimwaga?

Mleta mada: Dada, unauliza hilo wakati kalamu ILITAFUNWA? Meno ya mtu yalipita pale!

Mama Wawili: Kwa hiyo mliila.

Mzee wa Posta: Mnalia na mlinzi, mimi nalia na bustani zenyewe. Ile Bustani ya Botaniki ya hapa Dar, karibu na Makumbusho ya Taifa, imeanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Majengo yameimega pande zote, imebaki kipande. Mji wa watu mamilioni, ukitaka kivuli cha bure unajibanza chini ya bango la soda.

Jirani wa Nairobi: Poleni wenzetu. Ila msinyamaze. Mwaka 1989 huku walitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapiga kelele, akatukanwa hadi bungeni, na jumba halikujengwa. Msitu wa Karura nao, alipigwa mwaka 1999 akienda kupanda mti. Leo watu wanatembea mle na watoto wao.

Kaka Mkubwa: Asante jirani. Maathai alishinda ghorofa 60, mwenzetu kashindwa na kalamu.

Mleta mada: Endeleeni kucheka. Siku atakayofunua pilau ya mama zenu msinitafute.

Mvuvi wa Nchi Kavu: Kuna wanaoumia zaidi. Coco Beach Jumapili jioni, upepo wa bahari unapita kwenye mivinje, umekaa na watoto wako na mihogo ya kukaanga. Anakuja kijana na spika kubwa kuliko friji, anaikita mita mbili kutoka sikio lako. Wimbi halisikiki! Nimeacha mihogo, nimeondoka.

Shangazi Mkali: Na maharusi je? Mti mmoja mzuri, maharusi wanne kwenye foleni, mpiga picha anamfukuza bibi yangu kwenye benchi eti "anaingia kwenye fremu". Bibi yangu ana miaka themanini, akae wapi, juu ya mti?

Mtu wa Unguja: Njooni Forodhani. Tangu bustani itengenezwe upya mwaka 2009 mtu unakaa na wanao unatazama vijana wanavyojirusha baharini, hotpoti yako haulizi mtu. Tatizo paka. Kuna mmoja kanipokonya mshikaki wa pweza mkononi, nikiwa nauma!

Shangazi Mkali: Huyo paka ana adabu kuliko mpiga picha.

Nyumba ya Udongo: Mimi nimehamia Pugu Kazimzumbwi, kule Kisarawe. Miti ya kweli, mapango ya popo, hewa baridi, tumbili juu. Ukirudi nyumbani unalala kama mtoto.

Babu wa Bajaji: Na mvua ikinyesha ile njia ya msituni? Nilipeleka abiria, nikarudi nasukuma.

Mama Wawili: Mkuu mleta mada, mkwe wako pilau anaweka nyanya?

Mleta mada: Dada, uzi unahusu KALAMU.

Mtu wa Unguja: Nyanya kwenye pilau? Nani anaweka nyanya kwenye pilau?

Mzee wa Posta: Kwetu zinawekwa, tena mbili, na hakuna aliyekufa.

Mtu wa Unguja: Huo ni wali wa nyanya mzee wangu, msiupakazie jina.

Mleta mada: Jamani. Kalamu. Kaifuta kwenye mkeka.

Shangazi Mkali: Nyanya zinaficha rangi ya kitunguu kilichoungua. Anayejua kukaanga hahitaji nyanya.

Nyumba ya Udongo: Kwani wa Pugu Jumapili ijayo ni nani na nani? Nina Noah, mafuta tunachanga, kila mtu na hotpoti yake. Wa nyanya watafute gari lingine.