Naomba ushauri: mwanangu anataka kuruka kama wale wa Bakuten!!

Wakuu, habari zenu. Mwanangu wa miaka 12 amemaliza Bakuten!!, anime (katuni ya Kijapani) ya mwaka 2021 yenye vipindi 12, kuhusu timu ya jimnastiki ya sekondari moja mkoani Miyagi, Japani. Ni ile ya wavulana sita wanaocheza pamoja kwa muziki, mikono mitupu, wakijipindua hewani kwa mpigo mmoja. Niliitazama naye hadi machozi yakanitoka.

Sasa kila jioni anapiga sarakasi za kinyumenyume kwenye godoro uani. Wale wana sakafu yenye springi na kocha. Sisi tuna sementi. Juzi aliangukia shingo, namshukuru Mungu hakuumia. Sitaki kumkatisha tamaa. Aanze na mazoezi gani, na kocha mzuri nitamtambuaje?