Laptopu inachemka nikitoa video, stendi ya feni inasaidia kweli?

mpiga_picha_Arua
Wakuu habari zenu. Niko Arua na mnajua joto la huku mwanzo wa mwaka si mchezo, sasa nikianza kutoa video ya harusi niliyohariri (ile ku-export) dakika kumi tu feni inalia kama boda inayopanda mlima, spidi inashuka, Core Temp, ile programu ya kupima joto la prosesa, inaniambia digrii 97. Duka moja hapa mjini lina zile stendi za feni mbili zenye taa za bluu, unachomeka USB. Zinasaidia ama ni taa tu? Na msiniambie ninunue mashine mpya, bwana harusi mwenyewe hajanilipa.

Omulalo
Kabla hujatoa pesa pindua laptopu uone matundu yako wapi. Mimi nilinunua, feni ya stendi iko katikati kumbe matundu yangu yako pembeni karibu na bawaba, upepo wote unapiga plastiki 😂 Chana kipande cha toilet pepa usogeze pale, kikinyonywa ndipo hewa inapoingilia. Na USB ni volti 5 tu, usitegemee upepo wa pangaboi.

fundi_Gulu
97 maana yake prosesa inajipunguzia spidi yenyewe isiungue. Kaka hiyo umewahi kuifungua? Wiki jana nimefungua moja, kati ya feni na zile mbavu za kupoozea kulikuwa na vumbi jekundu limeshikana nene kama kitambaa cha jinzi, hapo hata uweke stendi tatu hewa haipiti. Ukipiga blowa shika panga za feni na kidole, ukiiacha izunguke ovyo inaua beringi. Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto juu ya prosesa, futa na spiriti uweke mpya kidogo tu. Stendi baadaye.

Mama Kuku
Na muache kuziweka kwa godoro bambi. Mimi kwa Windows nimeshusha nguvu ya prosesa kutoka 100 mpaka 99, ile tabo (turbo, spidi ya ziada ya prosesa) inazima, video inachelewa lakini mashine inatulia.

mpiga_picha_Arua
Asanteni jamani. Toilet pepa imenyonywa kushoto chini, nimeinua nyuma na vifuniko viwili vya soda tu saa hizi inacheza 91. Godoro... nyamazeni tu 🙈 Fundi, kusafisha ni ngapi?

fundi_Gulu
Njoo inboksi. Chaja uje nayo.