Siku mbili Mji Mkongwe: tuanzie wapi, tule nini?

Swali: Habari wanajamvi. Mimi na shoga yangu tunashuka bandarini Unguja Jumamosi asubuhi, tunarudi Jumapili jioni. Tunapenda historia na kula. Tupange vipi?

Jibu: Karibuni! Anzeni Mkunazini, kanisa la Anglikana lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Vyumba vya chini dari lake ni fupi, inameni. Kisha soko la Darajani, dakika chache kwa miguu. Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la masultani, itazameni kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti.

Jibu: Mchana kuleni urojo, supu ya Kizanzibari. Mzuri ni mzito kiasi, una ukali wa embe bichi na ndimu, ndani viazi, bajia na kachori. Chipsi za muhogo zitiwe mwisho kabisa, zikitangulia zinalowa na utamu wote umekwisha. Gawaneni bakuli moja, mbakishe nafasi ya Forodhani, bustani ya pwani inayouzwa vyakula usiku.

Jibu: Forodhani fikeni magharibi, meza zikipangwa. Pweza aliyekwisha kuchomwa akirudishwa jikoni huwa mgumu kama mpira, hivyo chagueni anayetoka motoni. Ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijatua sahanini. Teremsheni kwa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu.