MREJESHO: Ratiba ya treni ndani ya simu

Jamani, nimerudi. Niliwauliza: nikitaka kutengeneza programu ya simu ya ratiba za treni, data naitoa wapi, na kampuni ya reli itanipaje bure?

Aliyeniambia nianze na GTFS, yaani muundo wa kuandika ratiba za usafiri ili programu zizisome, Mungu akuzidishie. Muundo huo ulianzia Portland, Marekani, mwaka 2005, shirika la usafiri la TriMet lilipoipa Google ratiba zake. Hakuna mtambo mzito humo. Ni mafaili ya maandishi yaliyofungwa pamoja: moja la vituo, moja la safari, moja la saa za kufika na kuondoka. Nimejaza kwa mkono treni ya kutoka Mombasa inayosimama vituo vya kati: Mariakani, Miasenyi, Voi, hadi Nairobi. Kilichonichekesha, treni iliyoondoka jioni ikifika saa saba na nusu usiku unaandika 25:30:00, ili ibaki safari ya siku ileile. Abiria ataona saa za Kiswahili lakini. Mama wa Changamwe ukimwonyesha 15:00 atakuuliza ndiyo saa ngapi.

Na yule kaka aliyeapa kampuni za reli hazitoi data: Network Rail ya Uingereza ilifungua zake 2012, hata za treni zilizo njiani. Nairobi nako, mradi wa Digital Matatus uliweka njia za matatu kwa muundo huohuo wa GTFS, na matatu hazina hata ratiba!

Imebaki barua ya kuiomba kampuni ya reli faili rasmi la ratiba. Ratiba ikibadilika bila mimi kujua, programu itamkosesha mtu treni, na Likoni hadi kituo cha treni cha Miritini si karibu. Anayejua ofisi ya kuipeleka anielekeze.