Tupeane uzoefu: kambi ya adui inalipuka na wewe bado uko ndani

KijashoChembamba: Wakuu, mdogo wangu anacheza Metal Gear Solid ile ya 1998, jana kafika pale pa kutoroka na gari la jipu ndani ya handaki, adui mkuu Liquid yuko nyuma anamimina risasi, mapigo ya moyo yalinienda mbio utadhani pedi ninayo mimi. Hivi hizi gemu za kunyemelea kwa nini mwisho lazima kambi iende na moto? Gemu nzima unatambaa, unajificha kwenye boksi, halafu mwishoni king'ora, sekunde zinarudi nyuma, kimbia! Leteni zenu.

Mama_Wawili: Ile saa ya kurudi nyuma mpaka leo siipendi.

ChogoLaSony: Umenikumbusha mbali. Mimi ilikuwa kwenye kibanda cha gemu cha kulipia, Morogoro, CD ya kuchoma haina kava, na namba ya redio ya kumpata Meryl, yule dada mwenzako kwenye gemu, 140.15, iko nyuma ya kava, kwa hiyo kaka mmoja aliijua akaiandika kwa makapeni ukutani juu ya swichi na kila anayefika pale anainua macho. Memori kadi hakuna. Nikamwomba mwenye kibanda asizime mashine usiku kucha, akakubali, akaifunika kanga isiingie vumbi. Kesho yake nikampiga Liquid juu ya REX, lile roboti la vita, pale nako muda unahesabiwa na Meryl kafungwa pembeni, watoto wamejaa mpaka mlangoni wanashangilia, tunaingia kwenye jipu, handaki lile, mwanga naanza kuuona kule mbele... umeme ukakatika mtaa mzima. Hakuna aliyesema neno. Kuna dogo alilia na wala hakuwa anacheza yeye.

KijashoChembamba: Duh pole mkuu!!

Mnyemeleaji: Pole sana. Ila turekebishe kitu, Shadow Moses, kambi ya hiyo gemu ya 1998, haikulipuka.

BosiWaMwisho: Ililipuka, acha ubishi, ndege za mabomu zilitumwa.

Mnyemeleaji: Zilitumwa zikarudishwa, Houseman, waziri wa ulinzi aliyetoa amri, akakamatwa. Kama ililipuka, mwaka 2008 kwenye Metal Gear Solid 4 (MGS4) Snake, yule unayemchezesha, anarudi wapi na uzee wake? Helipoti ile ile, theluji ile ile. Inayojilipua kweli ni Outer Heaven, Metal Gear ya kwanza ya 1987, kule Afrika Kusini. Na pale sababu ipo: Big Boss ndiye bosi wako aliyekutuma, na ndiye mwenye kambi. Ukitoka hai siri yake imetoka, kwa hiyo anaona bora mfe wote.

BosiWaMwisho: Sawa, hiyo ya MGS4 sijaicheza. Lakini Resident Evil 2, ile ya mazombi, maabara inalipuka, bisha na hilo.

Mnyemeleaji: Inalipuka, ila ile siyo ya kunyemelea.

BosiWaMwisho: Mbona risasi zikiisha unanyemelea!

FundiKompyuta: Wakuu, mimi naona sababu iko kwenye utengenezaji. MSX2, kompyuta ya hiyo Metal Gear ya kwanza, ilikuwa haibebi maadui na risasi nyingi kwa pamoja kwenye skrini, ndo mtengenezaji wake Kojima akaja na gemu ya kukwepa badala ya kupigana. Sasa ukishategesha yale mabomu 16 kwenye miguu ya Metal Gear, roboti lenyewe, kwa mpangilio wake, mguu huu mguu ule, ikaanguka, unamwogopa nani tena? Mlinzi akikuona sasa hivi haharibu kitu. Wanakuwekea saa, na saa huwezi kuikwepa wala kuinyemelea. Ndo maana inauma, kila ulichofundishwa tangu mwanzo hakikusaidii.

MtotoWaNgambo: Na Metal Gear 2 ya 1990 kambi inaitwa Zanzibar Land! Miye Mzanzibari nilitafuta hata mkarafuu mmoja, kumbe wameiweka Asia ya Kati. Ile wala hailipuki, unatoka na mwenzako Holly mnakimbilia helikopta.

Mama_Wawili: Ushauri kwa wanaoanza: king'ora kikilia usigeuke nyuma kwa lolote.

FundiKompyuta: Usipogeuka kwenye lile jipu Liquid anakumaliza. Geuka, piga.

Pedi_Mbovu: Ushauri wa kweli ni memori kadi na jenereta.

KijashoChembamba: @ChogoLaSony hela alikurudishia lakini?

ChogoLaSony: Alinipa muda mwingine bure, mtu muungwana sana yule. Ila umeme uliporudi kuna jamaa alishaweka Winning Eleven, gemu ya mpira, na foleni ilikuwa hadi nje.